Plasta Nyuma ya Kishikwambi

Bi Mwanajuma Mtoro hakuwa mtu wa kufundishwa siri. Ukitaka kumuudhi, mwambie afunge mdomo. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa kungwi katika kijiji kimoja cha kata ya Mahege, huko Kibiti. Jina la kijiji tuliache, wenyewe wanajijua. Aliwaweka ndani wanawali, akawafunda, akawatoa, na hao waliendelea kumwita somo hata walipokuwa na wajukuu. Nani kaolewa bila kutaka, nani anapigwa chumbani na barazani anacheka, hayo yote yaliingia masikioni mwake yakakomea humo. Mumewe, Mungu amrehemu, alikufa hajui hata moja. Na alijaribu, masikini! Alinunua hadi kamba wa Nyamisati kumbembeleza. Kamba waliliwa, habari hakupata.

Ndiyo maana kijiji kilipotafuta mhudumu wa afya wa kupita nyumba kwa nyumba, aulize nani ana mimba, nani anakohoa, mtoto yupi hajachanjwa, mkutano haukufika nusu saa. "Mwanajuma!" walisema wanawake. Kwani nani mwingine wangemfunulia ya ndani? Akapewa fulana, akapewa mkoba, na mwaka uliofuata akapewa kishikwambi cha kuandikia taarifa, kidude bapa kama ubao wa chuoni. Ofisini walikiita kishikwambi, kijijini kila mtu alikiita tableti.

Basi siku moja akaja Muzdalifa Haidari, mtunza takwimu kutoka Kibiti mjini, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye miwani na maneno mengi. Wahudumu tisa wa kata walikusanywa kwenye veranda ya zahanati. Muzdalifa akachukua vishikwambi vyao, kimoja baada ya kingine, akavifungua vyote tisa kwa namba ileile: moja, mbili, tatu, nne. Hakuuliza mtu.

"Nywila zenu ni dhaifu mno," alisema. "Mtu yeyote anaingia."

"Nywila ndiyo nini, mwanangu?" aliuliza Bi Mwanajuma. "Sisi huku tunajua paswedi."

"Ndiyo hiyohiyo, Bibi. Humu mna siri za watu."

"Siri! Ehe. Na wewe ulichezwa lini?"

Muzdalifa akababaika. Alikulia mjini, alisema, kwao hawakuchezwa unyago.

"Mnasikia jamani? Mtu hajachezwa, kaja kunifunda mimi siri!" Veranda nzima ikaangua kicheko. Mmoja alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Msichana wa watu akainama akaendelea kusoma karatasi yake, lakini sauti ilikuwa imeshapungua, na mambo aliyoyasema baada ya hapo hakuna aliyeyasikia. Mwishoni wote walikubali kubadilisha namba. Walikubali kwa mdomo, wakaenda kula wali.

Tusimwonee Bi Mwanajuma, alikuwa na sababu zake. Bondeni kwao mtandao hakuna. Ili taarifa zifike Kibiti, tableti lazima ipande kilimani, dukani kwa Kheri, mwenye paneli za sola, pale simu inaposhika mtandao vizuri. Ni mwendo wa saa nzima kwa mguu, na goti la kushoto la Bi Mwanajuma lilikuwa limeshamwambia kwaheri. Kwa hiyo kila Alhamisi alimpa tableti yeyote anayepanda, Kheri anaichaji, anaifungua, anarusha taarifa, kisha inarudi na yeyote anayeshuka. Kheri alikuwa anasahau namba. Bi Mwanajuma akatoa plasta ya kidonda kwenye mkoba, akaibandika nyuma ya tableti, akaandika kwa kalamu nene: 1234. Wenzake wakaona ni akili nzuri, nao wakabandika.

Na kichwani mwake, siri ilikuwa kitu cha mdomo. Siri ni lile mtu alilokunong'oneza mkiwa mmekaa mkeka mmoja. Haya ya kubonyezabonyeza kwenye kioo yalikuwa mambo ya serikali, hesabu za vyandarua na chanjo. Hakuwahi kufikiria kwamba lile la mkekani na hili la kwenye kioo lilikuwa jambo lilelile moja.

Mpaka likamkuta la Sihaba.

Huyu tumwite Sihaba, jina lake halisi analo mwenyewe. Alikuwa mwali wa Bi Mwanajuma, ameolewa na Abdulazizi, mkulima wa mpunga, kijana mpole asiyejua kugombana hata na ndege wa shambani. Mimba ya kwanza ilipofika mwezi wa sita, alipimwa zahanati akakutwa na virusi. Muuguzi, Tabu, alimweleza vizuri: dawa kila siku, saa ileile, na mtoto atazaliwa salama. Mumewe wangemwita wampime na kumwambia kwa utaratibu, wakiwa wote watatu. Sihaba aliomba apewe mwezi mmoja wa kujikaza. Akaongeza mtu mmoja tu wa kujua, somo wake, ili awe anamletea dawa nyumbani bila watu kumwona foleni. Bi Mwanajuma akaandika kwenye tableti kama alivyoelekezwa: jina, umri wa mimba, aina ya dawa, tarehe.

Mwezi haukufika. Jumatatu moja Abdulazizi alikuwa barazani anakunywa kahawa, mtu akamwambia, kwa sauti ya huruma iliyosikika hadi msikitini, "Pole ndugu yangu, tumesikia mkeo kakanyaga waya." Abdulazizi hakuelewa. Wakamfafanulia. Walijua hadi jina la dawa, jamani! Walijua hadi tarehe.

Hakumpiga mkewe, hakumtukana. Alirudi nyumbani akakaa kizingitini mpaka chakula kikapoa, kisha akasema, "Kwa nini nimeambiwa na watu?" Akamwambia Sihaba aende kwao kwanza, naye kichwa kikimtulia atamfuata. Kesho yake mwanamke mwenye mimba ya miezi saba akafunga kanga zake, akaenda kwa mama yake Mbwara, ng'ambo ya mto. Kabla ya kuondoka alipita kwa somo wake. Hakuingia ndani.

"Nilikwambia wewe," alisema. "Wewe na Tabu tu."

"Sihaba, wallahi mimi..."

"Dawa zenu hizo." Akauweka mfuko kwenye kizingiti, akaondoka.

Kijiji kilihukumu kabla ya adhuhuri. Nani mwingine angesema? Wanawake waliokuwa wakimwita kwa mbali, "Somo, karibu uji!" sasa walimjibu mlangoni: "Hatujambo, hakuna mgonjwa, ahsante." Mama mmoja aliyekuwa ameshamwekea mwanawe miadi ya kuchezwa akatafuta kungwi mwingine. Hilo lilimchoma Bi Mwanajuma, asingesema uongo, lilimchoma sana. Lakini usingizi ulimkimbia kwa ajili ya ule mfuko wa kizingitini. Kila siku aliyouona pale kabatini ilikuwa siku moja ambayo mtoto wa Sihaba hakulindwa na kitu.

Kwanza alimshuku Tabu. Akamwendea zahanati moto unamtoka puani. Tabu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akavuta kamba shingoni na kuonyesha ufunguo mdogo. "Rejista imo kabatini. Kabati lina kufuli. Ufunguo nalala nao. Wewe yako umeifungia wapi, Bi Mwanajuma?"

"Yangu ina paswedi," alijibu kwa kiburi.

Ilikuwa Alhamisi, na tableti ilikuwa kilimani. Akaona aifuate mwenyewe, goti na lipige kelele. Alipanda akipumzika mara saba. Alipofika kwa Kheri alikuta wanaume watano kwenye benchi, redio inaimba, na mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu, ameshika tableti anacheza mchezo wa kupanga peremende. Kioo kikazima. Yule mtu akaigeuza, akasoma plasta, akaigeuza tena, akabonyeza mara nne na kuendelea kucheza. Hata hakuficha. Kwani alikuwa anaiba?

"Kheri," alisema Bi Mwanajuma taratibu. "Huyu anafunguaje?"

"Si namba ipo nyuma, Bi Mwanajuma? Umetuandikia mwenyewe." Kheri alicheka, mtu wa watu, hana baya. "Hapa wote tunaitumia. Wengine wanaangalia saa, wengine wanapiga picha."

Bi Mwanajuma aliketi juu ya gunia la unga. Mwanamke aliyezima maneno ya kijiji kizima kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa anayapeleka mwenyewe dukani kila Alhamisi, na karatasi ya maelekezo juu yake. Aliona aibu ya kutaka ardhi ipasuke. Nani hasa alisoma jina la Sihaba, hadi leo hajulikani, na yeye hakutafuta. Angemshika nani? Plasta ilikuwa na mwandiko wake.

Aliibandua palepale. Iligoma, ilikuwa imeshikana na mgongo wa tableti, akaikwaruza kwa kucha mpaka ikatoka vipandevipande. Kisha akapiga simu Kibiti.

"Muzdalifa, mwanangu. Ni Mwanajuma wa Mahege. Yule aliyekucheka."

"Nakukumbuka, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Sikiliza. Nataka kuja unicheze."

Angekuwa mtu mwingine angelipiza, na angekuwa na haki. Muzdalifa akasema, "Njoo kesho asubuhi, Bibi, nitakuwepo."

Kesho yake wakakaa ofisini, meza moja, feni inazungusha joto. Muzdalifa alisema achague maneno marefu, si namba nne, na yawe yake peke yake.

"Jina la mwanangu wa kwanza."

"Nani hamjui mwanao wa kwanza?"

"Mwaka wa mafuriko makubwa."

"Bibi, mwaka huo bonde zima linaujua."

Bi Mwanajuma akafikiri, kisha akatabasamu. Ninayo, alisema. Ulikuwapo wimbo mmoja wa ndani, wa siku ya kumtoa mwali, hauimbwi mbele ya wanaume wala watoto. Angeweka maneno yake ya mwanzo. Hapo hata shetani asingefika.

"Wanaujua watu wangapi?" aliuliza Muzdalifa.

"Waliochezwa tu."

"Nao ni wangapi?"

Bi Mwanajuma alianza kuhesabu, wake, wa makungwi wenzake, wa Mbwara, wa Ikwiriri, akaacha njiani. "Loo," alisema. "Basi huo si wangu."

"Si wako."

Ilimchukua muda. Mwishowe alipata maneno yake, yalitoka kwenye jambo moja la maisha yake ambalo hakuwahi kumwambia kiumbe. Akayaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, na Muzdalifa, bila kuambiwa, aligeuza kiti akatazama dirishani. Hilo Bi Mwanajuma aliliona, akampenda.

"Sasa Kheri atarushaje taarifa? Nitampa nini?"

"Usimpe kitu. Ikishika mtandao inarusha yenyewe, hata ikiwa imefungwa."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

"Ala! Kwa hiyo ile plasta ilikuwa ya nini?"

Muzdalifa alivua miwani, akaifuta. "Ilikuwa ya bure, Bibi. Nililisema siku ile kwenye veranda. Mlikuwa mnacheka."

Bi Mwanajuma alirudi Mahege, akachukua kwa Tabu dawa za wiki mbili. Tabu alimwambia siku kumi na moja zimepita bila dawa na akaandika kwenye kikaratasi kliniki ya karibu na Mbwara ambako Sihaba angeendelea, kama angekubali. Tabu alilikazia lile "kama". Siku iliyofuata Bi Mwanajuma alipanda gari, akavuka daraja la mto, akashuka Ikwiriri, akachukua bodaboda hadi Mbwara.

Mama yake Sihaba alikuwa uani anatwanga. Alipomwona aliuacha mchi ndani ya kinu. "Umefuata nini? Bado hujamaliza?"

"Nimefuata kosa langu, dada."

Sihaba alikuwa kwenye mkeka, anachambua kisamvu, tumbo limemlemea. "Shikamoo somo," alisema, maana adabu haimtoki mtu kwa siku kumi na moja. Lakini hakuinua macho.

Bi Mwanajuma aliketi pembeni ya mkeka. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na mengine aliyaazima kwa Muzdalifa. Yote yakamkimbia. "Mdomo wangu haukusema," alisema. "Nakuapia. Lakini ni mimi. Jina lako niliandika humu, na namba ya kufungulia nikaibandika nyuma, mwenye macho asome. Wakasoma. Nilionywa kabla, nikamcheka aliyenionya mbele za watu. Nimekuja kukwambia hivyo, ili usimlaumu Tabu wala mtu mwingine."

Somo halii mbele ya mwali wake, ni aibu ya pande zote mbili. Bi Mwanajuma alilia. Mama yake Sihaba akatazama kando.

"Na sasa niamini nini?" aliuliza Sihaba. "Nimeze dawa zako, uandike tena, nisomwe na Mbwara nayo?"

Bi Mwanajuma alijifuta kwa ncha ya kanga. Akatoa tableti mkobani, akaiweka mapajani mwa Sihaba. "Fungua."

"Sijui namba."

"Jaribu. Unanijua kuliko wanangu."

Sihaba alimtazama kwa mara ya kwanza. Akapangusa vidole, akabonyeza moja, mbili, tatu, nne. Ikakataa. Akaandika jina la mtoto wa kwanza wa somo wake. Ikakataa. Akaandika la marehemu mumewe. Kisha akamkazia macho Bi Mwanajuma, akaanza kuandika polepole, midomo ikimchezacheza, na Bi Mwanajuma akajua ni wimbo. Ikakataa. Sihaba akajaribu la tano, jina lake mwenyewe, la mwali aliyependwa kuliko wote. Kioo kikaandika kwamba kimefungwa na lazima kipelekwe kwa msimamizi.

"Imekuwaje?" aliuliza Sihaba.

"Umeifunga kabisa. Sasa hata mimi siwezi, mpaka Kibiti."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Na namba ni ipi? Niambie mimi tu."

"Sikwambii."

"Mimi mwali wako?"

"Wewe mwali wangu. Sikwambii wewe, simwambii Tabu, na yule msichana wa Kibiti hakuitazama. Nitakufa nayo."

Sihaba akaigeuza tableti, akatazama mgongo wake. Palikuwa na michubuko ya kucha tu. Akairudisha. Akaweka mkono juu ya tumbo, akasema, "Mama, naomba maji ya kunywa." Mama yake aliyaleta kwenye kikombe cha bati, akamshikia. Bi Mwanajuma alihesabu kidonge kimoja, Sihaba akakimeza, kwa shida kidogo, kwa sababu alikuwa analia.

Bi Mwanajuma bado anatembea nyumba kwa nyumba Mahege. Wanawake walirudi mmojammoja, si wote. Wale wahudumu wenzake wanane hakuwahutubia. Alikwenda kwa kila mmoja, akabandua plasta, akamweleza mambo ya duka la Kheri bila kutaja jina la mtu, kisha akageukia ukutani mpaka mwenyewe aweke maneno mapya. Mmoja alimwambia anajitesa bure. Bi Mwanajuma alikaa kwake hadi alasiri, akakataa hata chai, mpaka yule akaweka.

Abdulazizi alipimwa, na majibu yake ni yake. Alivuka mto mwezi wa nane wa mimba, akiwa na mchele na kuku wawili, na alichozungumza na mkewe walikijua wao; walirudi pamoja. Mtoto alizaliwa wa kiume. Akapimwa baada ya wiki sita, akapimwa tena, na akapimwa mara ya mwisho akiwa anakimbia uani na kuangusha vyombo. Siku hiyo Sihaba alitoka zahanati akapita moja kwa moja kwa somo wake, akaingia ndani, akaketi mkekani. Mtoto ni mzima, hana kitu. Hilo Sihaba mwenyewe kasema litangazwe.